Korongo Waliokaa Chini

Mwaka jana, masika yalipokuwa yanaanza, tulimzika Baba Mdogo Maduhu huko Ngulyati. Nilikaa chini ya turubai pamoja na wanawake wengine, nikasikiliza wasifu wake ukisomwa: alivyobatizwa, alivyosomea kilimo, alivyoajiriwa kuwa bwana shamba, wajukuu aliowaacha. Walimsifu kwa pamba yake na kwa sauti yake nzito kwenye kwaya. Msomaji alipofika kwenye miaka ya Dutwa alisema tu kwamba marehemu aliishi huko kwa muda, kisha akahamia hapa, akafunua karatasi ya pili. Hakuna aliyetaja ndege. Wengi pale hawakujua, na wachache waliojua waliinamisha vichwa kama watu wanaoomba. Mimi nilijua, kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu jambo lenyewe lilianzia mdomoni mwangu. Nimefundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka ishirini, nimewasimulia watoto wa watu hadithi nyingi, lakini hii sijawahi kumsimulia hata mume wangu. Niliporudi nyumbani kutoka msibani nilishindwa kula kwa siku mbili. Siku ya tatu nikachukua daftari.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Jinsi nilivyofika Dutwa kwa Mama Mdogo na mumewe Maduhu ni habari nyingine. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka popote, na watoto wao wenyewe walikuwa wameshaondoka nyumbani. Ulikuwa mwaka ambao wanunuzi binafsi wa pamba waliingia kwetu kwa mara ya kwanza. Tangu nipate akili, pamba iliuzwa kwenye ghala la ushirika, na ushirika ndio ulioleta mbegu na dawa. Sasa malori ya watu tusiowajua yalisimama kando ya barabara yakiwa na mizani, kila mtu akauza alikotaka, na nisidanganye, watu walifurahi. Zilinunuliwa baiskeli, redio, mabati. Lakini mvua zilipokaribia, ghala la ushirika lilikuwa na kufuli mlangoni na nyasi zimeota kwenye ngazi. Mbegu hazikuja. Dawa haikuja. Na Baba Mdogo, ambaye kwa miaka yote ndiye aliyekuwa akipita mashambani kuwaonyesha watu namna ya kutumia vitu hivyo, alikuwa ameshapokea barua ya kupunguzwa kazini. Barua ile aliiweka ndani ya Biblia, kwenye kitabu cha Ayubu, na alipoona nimeiona akasema, "Inakaa vizuri hapo," bila kucheka.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba vitatu, ya bati, na kuta za ndani hazikufika juu, kwa hiyo maneno yalikuwa yanavuka kama moshi. Chumba changu kilikuwa kile cha kati, kilichokuwa na harufu ya magunia na ya mafuta ya taa. Kupitia ukuta wa kulia niliwasikia wao wawili. Kupitia ukuta wa kushoto niliwasikia wageni sebuleni. Humo ndimo nilimojifunza kwamba mwanaume anaweza kuzeeka ndani ya mwezi mmoja. Asubuhi alikuwa anaamka saa ile ile ya kazi, anavaa viatu vyake vya buti, anakaa kwenye kiti cha kamba karibu na mlango, akingoja watu waje kumuuliza jambo. Watu walipita. "Mwangaluka, Bwana Shamba," walimwamkia kwa Kisukuma. "Mwangaluka. Mhola?" "Mhola duhu," wakaendelea na safari yao. Hapo Mama Mdogo alikuwa akimwambia, kwa upole ambao ulimuumiza zaidi kuliko matusi, "Umeambiwa upumzike, Baba. Si upumzike?"

Kitu pekee ambacho hakuna barua iliyoweza kumnyang'anya ni ndege. Miaka mingi nyuma alipita mtaalamu mmoja wa ndege, akala ugali kwao, akamwachia darubini iliyopasuka kioo kimoja na kadi za kujaza: ndege gani, wapi, lini, wangapi. Baba Mdogo alizijaza na kuzituma, na zilipokwisha alichora nyingine mwenyewe kwa rula kwenye daftari. Alikuwa akihesabu hasa kuanzia mwishoni mwa Februari, ndege wa mbali wanapopita kwetu wakirudi kaskazini. Mwaka ule macho yake yalikuwa yameanza ukungu. Mchana aliona vizuri vitu vya karibu, ila angani aliona weupe tu. Basi akanigeuza mimi kuwa mhesabuji. "Mayu," aliniita, kama Wasukuma wanavyomwita binti wakimpenda, "unamsikia huyo?" Nilijifunza kuwatambua keremkerem kwa ile sauti yao laini inayotoka juu sana kabla hujawaona. Nilijifunza kuwahesabu mbayuwayu waliopangana kwenye waya za simu, siku moja wamejaa, siku ya pili waya tupu. Nilijifunza kozi wadogo wanaopita kwa makundi mvua ikikaribia. Lakini aliowangoja yeye walikuwa korongo weupe, wale wenye mabawa yenye ncha nyeusi na miguu myekundu, wanaoshuka kwenye mbuga kula viwavi na panzi. Watu wa kwetu waliwaita ndege wa viwavi tu, wakawaacha. Aliniambia kwamba huko waendako wanajenga viota juu ya mapaa ya nyumba, na kwamba watu wa huko wanakaa madirishani wakiwasubiri. "Fikiria," alisema, "mtu anamsubiri ndege kama anavyosubiriwa mtoto aliyekwenda shule ya bweni."

Mwaka ule hapakuwa na cha kusubiri isipokuwa mavuno, na yalikuwa mbali. Mvua za vuli zilikatika mapema. Kufikia Februari tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, michembe iliyochemshwa, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa, pamoja na mlenda usio na karanga. Mama Mdogo alikuwa anagawa kwa kijiko, akijipa mwisho, akisema hana hamu. Mvua ikarudi kwa nguvu mwanzoni mwa Machi, mahindi na mpunga vikanyanyuka, watu wakaanza kucheka tena. Ndani ya wiki moja wakaja viwavijeshi. Sijui nimweleze vipi mtu ambaye hajawaona. Wanatembea wote upande mmoja, weusi, na ukisimama kimya shambani unawasikia wakitafuna. Shamba linakuwa kijani asubuhi, na jioni vimebaki vijiti. Wanawake waliwaponda kwa miguu huku wakilia. Sasa, zamani dawa ingeletwa na ofisi pamoja na mtu wa kuisimamia. Mwaka ule dawa ilikuwa inauzwa kwenye gulio, chini, kati ya chumvi na ndala, imemiminwa kwenye chupa za soda zilizozibwa kwa gunzi. Muuzaji alikuwa mgeni. Ukimuuliza ni dawa gani, alisema ni dawa ya wadudu. Ukimuuliza kipimo, alisema utaona mwenyewe.

Alasiri moja nilikuwa chumbani nikishona, nikamsikia Njile akibisha hodi sebuleni. Njile alikuwa na shamba kubwa kuliko yote upande wa mbugani, mahindi na mpunga, na ghala ambalo nusu ya kijiji walikopeshwa chakula humo. Alikuja na chupa zake. "Bwana Shamba," alisema, "hii kitu tunaipima vipi? Nina bomba la kupulizia, sina akili ya kipimo." Kisha nikaisikia sauti ya Baba Mdogo, ile ya zamani, ya mtu anayesimama mbele ya wakulima hamsini. Aliinusa ile chupa, akauliza rangi yake ikiingia maji, akaeleza vifuniko vingapi kwa bomba moja, upande wa upepo, kunawa mikono, kutovuta sigara. Hata alitafuta kalamu amwandikie. Njile alipoondoka, Baba Mdogo aliimba. Aliimba sauti yake ya kwaya peke yake, bila wenzake, mpaka Mama Mdogo akatoka jikoni kumwangalia.

Siku tatu baadaye alinituma mbugani. Kulikuwa na watu waliosema wamewaona ndege wa viwavi wengi upande wa kuelekea Sapiwi, na aliniambia nisirudi bila hesabu nzuri. Niliondoka jua likiwa limetoka tu, daftari kwenye kikapu cha baiskeli. Ninaweza kusema kwamba ile ilikuwa asubuhi nzuri kuliko zote nilizoishi mpaka hapo, na ndiyo sababu siwezi kuisamehe. Mbuga yote ilikuwa nyeupe. Walikuwa wamejaa kutoka ukingo wa shamba la Njile mpaka kule ambako macho yanachoka, wakitembea polepole kama wazee wanaotafuta kitu kilichodondoka, wakiinama, wakiinuka. Nilihesabu kwa makumi kama nilivyofundishwa, nikafika mia nane nikapoteza hesabu, nikaanza upya, nikacheka peke yangu. Nilifikiri jinsi Baba Mdogo atakavyofurahi. Karibu na ukingo wa shamba niliona wengine wamekaa chini. Korongo hakai hivyo. Anasimama, hata kwa mguu mmoja. Hawa walikuwa wamekaa kwenye tope, mabawa yamelegea pembeni, na mmoja nilipomkaribia alinyoosha shingo kunitazama lakini hakuondoka. Ningeweza kumshika. Niliandika kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri: "Baadhi wamekaa chini. Wamechoka na safari."

Njia ya kurudi ilipita nyumbani kwa Kabula. Tulikuwa marafiki. Alikuwa na umri kama wangu, ila alikuwa tayari na mabinti wawili, Wande wa miaka sita na Limi wa miaka minne, na mume aliyekwenda machimboni na hajatuma neno tangu pamba ilipovunwa. Alikuwa anapepeta kitu kwenye ungo, na nilipokaribia nikaona ni pumba. Limi alikuwa amekaa mlangoni akinyonya kidole, tumbo wazi. "Unatoka wapi na hilo jua usoni?" Kabula aliniuliza. Nikamwambia. Nilikuwa nimejaa furaha kiasi kwamba ningemwambia hata mbuzi. Nikamwambia mbuga yote nyeupe, ndege wakubwa kuliko bata mzinga, wengine wamechoka hata hawaruki, unamfikia ukamshika kwa mkono. Aliacha kupepeta. "Unamshika kwa mkono?" "Kwa mkono." Aliangalia ndani ya nyumba, akaangalia watoto. "Wanaliwa?" akauliza. Nikasema, "Sijui. Ni ndege kama ndege wengine." Hayo ndiyo maneno yangu. Akaita jirani yake, yule akamwita mwenzake, na nilipopanda baiskeli tayari walikuwa wanawake wanne wenye vikapu wanatelemka mbugani. Kabula alinigeukia, akacheka, meno yote nje, akanipigia kelele: "Nitakuwekea paja, Minza!"

Nilimkuta Baba Mdogo kanisani kwenye kikao cha wazee, kikachelewa, kwa hiyo nilimpa taarifa tukiwa mezani, mchana umeshapinda. Nilimsomea hesabu. Aliniambia nirudie, akifumba macho kama anayesikiliza wimbo. Kisha nikasoma ile sentensi ya mwisho. Aliuacha mkono wake juu ya bakuli. "Wamekaa namna gani?" Nikaachia mikono yangu pembeni, nikamwonyesha. "Wanatetemeka?" Nikafikiri. Nikasema ndiyo, kidogo, shingoni. "Karibu na shamba la nani?" "La Njile." Akainuka, kiti kikaanguka nyuma yake. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. "Kuna mtu mwingine amewaona?" Nikasema Kabula. Nikasema na wenzake. Nikasema wamechukua vikapu, na nilikuwa bado sijaelewa, nilikuwa bado nina kijiko mkononi. "Mayu," alisema, "wale ndege wamekula viwavi wenye dawa. Panda baiskeli. Kila chungu utakachokiona, mwaga. Usiwaeleze, mwaga kwanza!"

Nimesikia watu wakisema kwamba kwenye hatari mtu hakumbuki kitu. Mimi nakumbuka kila chungu. Nyumba ya kwanza mama mmoja alikuwa ndiyo kwanza anatia chumvi; nilikipiga teke chungu kilichokuwa mafigani, supu ikaingia kwenye majivu, na watoto wake watano waliokuwa wamekaa wakingoja wakaangalia ile nyama kwenye vumbi. Sikuwahi kuona macho kama yale. Mama yao alinipiga kwa mwiko mgongoni, akalia, "Wewe umeshiba kwenu!" na mtoto mmoja akaokota kipande, nikamnyang'anya, akaning'ata. Nyumba ya pili walikuwa wanachoma. Nilirusha ndege chooni. Baba Mdogo alikuwa anakuja nyuma kwa miguu, akijikwaa, akipaza sauti "Sumu! Sumu!" na watu wakatoka kuangalia kama amerukwa na akili. Nyumba ya tatu ilikuwa ya Kabula. Pale chungu kilikuwa kimeshasuguliwa na kufudikizwa juani, safi kabisa. Kabula alikuwa amepiga magoti nyuma ya nyumba, mate yanamtoka mfululizo kama mtu aliyefunguliwa bomba. Wande alikuwa anatapika ukutani. Limi alikuwa amelala mlangoni kwa ubavu. Nilipomwinua, mboni za macho yake zilikuwa zimekuwa ndogo kama punje ya ulezi, na mwili ulikuwa unarukaruka chini ya ngozi, hapa na pale, kama kuna kitu kinachotafuta njia ya kutokea. Juu ya mawe matatu ya jikoni, kwenye jani la mgomba, kulikuwa na paja moja.

Tulimbeba mpaka zahanati. Mganga wa zahanati alikuwa kijana, alijua ni nini, ndiyo maana alianza kulia kabla ya sisi. Sindano inayotakiwa haikuwepo. Iko Bariadi, hospitali. Lori la mfanyabiashara wa mchele lilikuwa limesimama barabarani, na dereva, Mungu ambariki popote alipo, alishusha magunia mwenyewe ili tupate nafasi. Kabula na Wande nyuma, wakishikiliwa na wanawake wengine. Mimi mbele, Limi magotini. Barabara ilikuwa tope. Alikuwa anahema kwa sauti ya maji. Kati ya Dutwa na Bariadi, mahali ambapo barabara inapita kando ya miti ya mikaratusi, ile sauti ikaacha. Nilijua. Dereva aliniangalia, akaangalia barabara, akaongeza mwendo. Sikumwambia apunguze, maana nyuma kulikuwa na mama yake na dada yake, na kama ningesema neno wangesikia. Nikamshika vile vile kama nilivyokuwa nimemshika, nikampangusa mdomo kwa khanga, mpaka hospitali.

Kabula na Wande walipona. Walilazwa wiki mbili. Mtoto mwingine wa nyumba ya jirani aliugua, akapona. Limi tulimzika bila mama yake. Korongo walikufa siku mbili mfululizo, na waliobaki wakaondoka, na mbuga ikanuka mpaka mvua iliyofuata. Mabwana wa sungusungu, ulinzi wa jadi wa kijiji, waliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Nilitegemea wangemuuliza Njile, au wangemtafuta yule mgeni wa chupa, lakini gulio lilikuwa limepita bila yeye. Mkuu wa sungusungu, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, alimsimamisha Baba Mdogo. "Maduhu. Sisi tumekuwa tukikuona unaandika ndege. Unamwandikia nani?" Baba Mdogo akaeleza habari za mtaalamu na kadi. Nilivyomsikia siku ile, mbele ya watu wenye msiba, hata masikioni mwangu ilisikika kama uongo. "Mtu mzima anahesabu ndege wa nini?" sauti moja ikauliza. "Huwezi kuhesabu ng'ombe wa mwenzako, wanakufa," ikasema nyingine. "Macho yake mmeyaona?" Yalikuwa mekundu, kweli, kama wasemavyo watu kuhusu macho ya wachawi, lakini kwa ugonjwa. Mkuu akainua mkono. "Nani aliwaambia akina mama kwamba ndege wapo?"

Nilikuwa nimesimama hatua sita nyuma yake. Kabula alikuwa bado hospitali. Wale wanawake wengine walikuwa wameambiwa na Kabula, si na mimi. Nilifungua mdomo. Nina hakika niliufungua. Baba Mdogo akasema, "Mimi." Akarudia, bila kugeuka, "Ni mimi." Nami nikaufunga. Uamuzi ulikuwa kutengwa mpaka msimu uishe: asisalimiwe, asipewe moto, maji achote wengine wakishamaliza, na atakayevunja atengwe naye. Njile alikuwa amekaa mstari wa mbele kwenye kiti chake mwenyewe. Hakuinua uso, na Baba Mdogo hakumtaja.

Wiki ile niliyasikia kupitia ukuta, mchana wa jua kali, maneno ambayo sikupaswa kuyasikia. Mama Mdogo alikuwa anamsihi. "Kwa nini hukusema ni Njile aliyepulizia? Kwa nini unabeba na lake?" Baba Mdogo akasema, "Kipimo nilimpa mimi. Nilijua viwavi watakuwa na sumu. Nilijua korongo wanakula viwavi. Mambo yote mawili nilikuwa nayo kichwani, sikuyakutanisha. Unajua kwa nini? Nilifurahi kuulizwa, mke wangu. Nilifurahi tu kuulizwa." Nikasikia sauti ambayo mpaka leo sijui kama ilikuwa kikohozi. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta nikiuma shuka, kwa sababu alikuwa amebeba lake, na la Njile, na langu, na la kwangu lilikuwa rahisi kuliko yote kushusha. Lilihitaji mdomo tu.

Kabula aliporudi nilimwendea. Alikuwa amekaa kwenye ngozi nje ya nyumba, mikono yake inatetemeka mapajani, Wande amemlalia. Nilipiga magoti. "Kabula, ni mimi niliyekuambia." Alinitazama kama vile nimesema jambo la kijinga. "Najua ni wewe. Si nilikuwepo?" Nikasema niliwaona wamekaa chini, nikaandika wamechoka, ningeuliza kwanza nyumbani. Akaniacha nimalize. "Wewe uliniambia kuna ndege," akasema. "Moto niliwasha mimi. Yeye alikataa kwanza, alisema inanuka, nikamlazimisha. Nilimwambia kula, utapata nguvu. Na ungeniambia tena siku ile ile, kwa njaa ile, ningeenda tena. Sasa nitakufanya nini? Nenda. Kawaambie walioko huko. Yule mzee anakunywa matope kwa ajili yako."

Nilikwenda siku hiyo hiyo kwa mkuu wa sungusungu, nikasema yote. Nilifikiri, kwa akili ya ujana, kwamba mzigo ukitoka kwa mmoja unamwacha huru. Alinisikiliza, akatafuna kijiti chake, akasema, "Basi na wewe." Hakumwondoa Baba Mdogo, aliniongeza mimi. Baba Mdogo alipojua alikasirika, hakuzungumza nami siku mbili, kisha akaenda mwenyewe kusema habari za kipimo na za Njile. Hapo ndipo nilipojifunza jambo moja kuhusu nchi yetu mpya ya kila mtu na chake: hakuna aliyeweza kumtenga Njile, kwa sababu chakula cha kuwafikisha watu kwenye mavuno kilikuwa kwenye ghala lake. Walimsikia Baba Mdogo wakasema wamesikia. Mwezi wa nne, mpunga ukiwa bado haujachanua, yeye na Mama Mdogo walifunga vitu kwenye mkokoteni wa ng'ombe wakahamia Ngulyati kwa ndugu yake. Kwa miaka yote iliyofuata, kila nilipomtembelea, tulizungumza pamba, mvua, wajukuu. Ndege wakipita juu aliinamisha uso, nami nikaongea haraka.

Mimi nilikataa kwenda nao. Mama Mdogo alinililia, akaniambia nitakufa kwa upweke. Lakini nilikuwa nimeona shamba la Kabula. Mahindi yale machache yaliyoepuka viwavi yalikuwa yamemezwa na magugu, na mikono yake haikuweza kushika jembe kwa zaidi ya mistari miwili, sumu ile ilikuwa bado imo. Asubuhi ya pili baada ya mkokoteni kuondoka nilichukua jembe nikaingia shambani kwake kwa upande wa mbali, bila kuomba, kwa sababu kuomba kungemlazimu anijibu na kunijibu kungemweka hatarini. Alikuwa upande wake, ameinama. Aliinuka, akanitazama muda ule wa kuvuta pumzi mara tatu nne, akainama tena. Tulipalilia hivyo, kila mmoja akija upande wa mwenzake. Jua lilipofika utosini alikwenda nyumbani, akarudi na bakuli la majani ya maboga yaliyochemshwa, akakaa kwenye mfereji, akala. Alikula nusu. Kisha akaliweka bakuli chini katikati ya mistari, akasogea mbali, akanipa mgongo.

Nikaenda nikakaa alipokuwa amekaa, nikala. Yalikuwa na chumvi. Nilipomaliza nililisuuza bakuli kwa maji kidogo, nikalirudisha pale pale, na yeye aliposikia nimeinuka akashika jembe lake, nami nikashika langu.